Jeshi Dogo la Lugalo: Kugeuza na Kupaka Rangi Visanamu vya Vita vya Mezani

Vita vya mezani ni mchezo wa kupambanisha majeshi ya visanamu vidogo juu ya meza. Kabla ya kununua kisanamu hata kimoja, chagua pambano moja tu na uliache liamue mambo mengine yote: mavazi, silaha, rangi ya udongo na hata idadi ya visanamu utakavyohitaji. Mwongozo huu unafuata pambano la Lugalo la tarehe 17 Agosti 1891, ambapo wapiganaji wapatao 3,000 wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, wengi wao wakiwa na mikuki na wachache tu wakiwa na bunduki, walikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, chenye askari wapatao 320, wakakishinda kwa muda mfupi na kumuua kiongozi huyo. Uwiano wa zaidi ya tisa kwa mmoja hauwezi kuwekwa mezani kama ulivyo, lakini kwa kuwa kikosi kilivamiwa kikiwa njiani, meza yako inaweza kuonyesha kipande kimoja tu cha msafara: Wahehe 30, askari 10, ofisa mmoja na punda wawili waliobeba mzinga. Idadi hiyo inakamilika bila kumchosha mtu mwenye kazi nyingine za kufanya.

Maduka yetu ya mjini Iringa na Mbeya hayauzi maboksi ya Wahehe, na hapo ndipo kazi ya kugeuza, yaani kubadilisha visanamu vya watu wengine viwe Wahehe, inapoanzia. Agiza boksi la wapiganaji wa Kizulu la kampuni ya Italeri, la kipimo cha 1/72, ambapo mtu mzima ana urefu wa takribani milimita 24. Uchaguzi huu una mantiki yake katika historia, kwa sababu katika karne ya 19 Wahehe walichukua silaha na mbinu nyingi za Wangoni, ambao nao walitoka kusini mwa Afrika wakiwa na desturi za kivita za huko.

Visanamu hivi vimetengenezwa kwa plastiki laini, nayo ina tabia zake. Vioshe kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ukisugua kwa mswaki wa zamani, ili kuondoa mafuta yaliyobaki kutoka kiwandani; ukiruka hatua hii rangi itabanduka. Supagluu haishiki vizuri plastiki ya aina hii, kwa hiyo kiungo chochote kinachobeba uzito kishikizwe kwa kipande kifupi cha waya kilichopenya pande zote mbili, na gundi iwe msaidizi tu.

Katika kugeuza, shughulikia umbo kabla ya mapambo. Mchezaji anakitazama kisanamu akiwa umbali wa mkono mzima, na kutoka hapo hatambui ushanga wala vidole. Anachotambua ni kivuli cha mtu, nguo yake na mkuki wake. Kwa wembe mpya kata manyoya ya mkia wa ng'ombe yaliyofungwa mikononi na chini ya magoti, pamoja na pete ya kichwani, kwa kuwa hayo ndiyo yanayomtangaza Mzulu. Kisha mvishe nguo. Chana karatasi ya chooni vipande vyenye upana wa milimita 8 hivi, vichovye katika gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kiasi sawa, umzungushie kimoja kiunoni na upitishe kingine juu ya bega moja, halafu panga mikunjo kwa kijiti cha meno kabla gundi haijashika. Ikikauka, karatasi hiyo inakuwa ngumu na inashika rangi vizuri kuliko plastiki yenyewe.

Mkuki wa plastiki unapinda na unaonekana mnene mno. Chukua pini ya mshonaji, ikate kichwa kwa koleo, gonga ncha yake kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha chuma mpaka iwe bapa, kisha isugue kwa msasa ipate umbo la jani jembamba. Toboa kiganja cha kisanamu kwa sindano iliyopashwa moto, ukiishika kwa koleo na dirisha likiwa wazi, upitishe mkuki na kuubana kwa tone moja la supagluu. Kazi hii inachosha vidole, lakini hakuna badiliko jingine linaloinua jeshi zima kwa kiwango hiki.

Mwisho wa kugeuza, paka kisanamu kizima gundi nyeupe iliyozimuliwa, ili rangi isipasuke plastiki inapopinda. Rangi ya msingi ya kupuliza, nyeusi au kahawia, ijaribiwe kwanza kwenye fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kukata visanamu, kwani baadhi ya rangi hizo hubaki zikinata. Nyanda zetu za Juu Kusini zina masharti yake hapa. Pulizia katika kiangazi, asubuhi kabla ya upepo kuamka, jambo ambalo mkazi wa Makambako hahitaji kuelezwa. Na kama ni Julai kule Njombe, liweke kopo katika maji ya vuguvugu kwa dakika chache, kamwe si karibu na jiko.

Ngozi ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi. Usitumie rangi nyeusi kutoka kwenye chupa, kwa sababu inafuta uso. Changanya kahawia iliyokolea na nyekundu ya udongo, ukitengeneza vikombe vitatu vinavyotofautiana kidogo, ili watu 30 wasionekane kuwa ndugu wa tumbo moja. Baada ya kukauka, pitisha kahawia karibu na nyeusi iliyozimuliwa hadi iwe nyepesi kama maziwa, ijikusanye yenyewe machoni, shingoni na katikati ya misuli. Kisha rudi na rangi ya kwanza, ukiongeza njano ya udongo kidogo, uguse mabega, mashavu, mgongo wa pua na magoti. Wengi huongeza nyeupe katika hatua hii, na matokeo yake ni ngozi ya kijivu iliyopauka.

Kwa nguo, fuata vitambaa ambavyo misafara ya biashara ilileta kutoka pwani wakati huo: merikani, pamba isiyopaushwa yenye rangi ya malai, na kaniki, ya buluu iliyokolea inayokaribia weusi. Merikani ianze na kijivu cha udongo, imalizwe kwa malai kwenye migongo ya mikunjo, na pindo lipate vumbi la kahawia. Ngao za ngozi zipewe mabaka yasiyolingana. Kabla ya kuzipaka, fika katika makumbusho ya Kalenga, ambako ngao na mikuki imehifadhiwa, uangalie jinsi vitu hivyo vilivyo.

Askari wa Zelewski wanahitaji mabadiliko machache: visanamu vyovyote vya askari wa kikoloni wenye bunduki vinafaa, wakipakwa kaki. Juhudi iliyookolewa hapo itumike kwa punda, kwani mzinga ulio mgongoni mwa mnyama aliyeshtuka haufyatuki, na sheria za mchezo wako zikumbuke hilo.

Vitako, yaani vibao vya kusimamishia visanamu, vikatwe kutoka kwenye mabaki ya plaiwudi ya fundi seremala, duara la milimita 20 kwa kila mmoja. Paka gundi ya mbao, unyunyize udongo wa Iringa uliochekechwa kwa chujio la chai na kukaushwa kikaangoni. Pambano lilitokea Agosti, hivyo nyasi ziwe za njano iliyopauka; vumbi la mbao lililotiwa njano ya udongo linatosha, na kijani kibichi kisionekane.

Malizia kwa vanishi isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba, ukisubiri ya kwanza ikauke usiku kucha. Ukipuliza wakati wa mvua, hasa Tukuyu, vanishi hunasa unyevu na kuacha ukungu mweupe, kwa hiyo kama masika yameshaingia, tumia vanishi ya brashi ndani ya nyumba. Visanamu vya kusafirishwa kwa basi visimamishwe ndani ya boksi la viatu, kila kitako kikibanwa katika tundu la sponji, mikuki ikielekea juu.