Mtindi wa mzee nyumbani: ugandishe bila ya kuwaua bakteria wake

Mama yangu yuko Wete, kashapita sabini, akinywa maziwa tumbo linamjaa gesi na choo mpaka apate tabu. Vile vikombe vya dukani vingi sukari tele na yeye ana kisukari, basi nkaanza kumgandishia mwenyewe.

Umri ukienda, wengi wetu aina za bakteria wa tumboni hupungua. Na hao wakila nyuzinyuzi za chakula hutoa asidi kama butireti, ndo inayolisha seli za utumbo mpana, na inaonekana zina mkono pia kwenye mambo ya sukari mwilini. Probiotiki ni vijidudu HAI vinavyomfaa mtu akivipata vya kutosha. Hai jamani, hapo ndo nilipoharibu mie, mara ya kwanza nilitia mbegu (mtindi kidogo wa kugandishia) maziwa bado yanafuka, asubuhi nkakuta maziwa yale yale!

Sasa nafanya hivi. Lita moja naichemsha, naiwacha ipoe mpaka nikitia kidole (nshaosha mikono) naweza kuhesabu kumi bila kukitoa, ukiwa na kipimo ni kama nyuzi 43. Nachukua vijiko viwili vya mtindi mtupu usio sukari, navikoroga pembeni na maziwa kidogo ndo namimina. Nafunika, naliviringisha bakuli kanga mbili, halafu mtu asiliguse. Baada ya muda wa saa 7 au 8 ukiliinamisha utaona umeshikana umekaa pamoja, tia friji. Ukiota ukungu mwaga wote, usikwangue juu tu.

Raha yake, bakteria hao wanasaidia kuivunja sukari ya maziwa, ile inayowasumbua wazee. Lakini tumboni hawahamii, wanapita tu, ndo maana kikombe kidogo kila siku ni bora kuliko bakuli zima Ijumaa. Na wape chakula: kunde, mbaazi, choroko, mchicha. Mtindi halafu kutwa wali mweupe na soda, umealika wageni hukuwapikia.

Metchnikoff, Mrusi aliyepata Nobel 1908 (kwa mambo ya kinga ya mwili lakini, si mtindi), alisema mtindi ndo unaowapa Wabulgaria umri mrefu. Mie huko siendi, na dawa za kisukari mama hajaacha hata kidonge. Mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana, muulize daktari kwanza.

Mama kwanza alinuna, mchachu huu nani atakula. Nkamkatia embe boribo vipande viwili vitatu juu, siku hizi kikombe akinirejeshea kimelambwa.