Kupitia gemu zako za chesi ya kasi: anza na saa, mashine ije mwisho

Wachezaji wengi ninaokutana nao hapa Kisumu wana tabia moja. Wakishindwa, kidole kinakimbilia kitufe cha mchezo mpya. Siku wakikumbuka kupitia gemu, wanawasha mashine (programu ya kompyuta inayopima miendo) moja kwa moja, wanaona alama nyekundu, wanasema "aah, nilitupa malkia," basi. Malkia aliyetupwa kila mtu anamwona. Cha kutafuta ni kilichokufikisha mahali pa kumtupa, na hilo mashine haijui. Unalijua wewe, tena kwa muda mfupi kabla hujasahau ulichokuwa unawaza.

Natumia Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, kwa sababu haina malipo wala matangazo, na uchambuzi wake ni bure. Ukicheza kwingine, hatua ni hizihizi.

Hatua ya 1: Acha 3+0 kwa muda

Piga hesabu. 3+0 ni dakika tatu kwa kila mchezaji bila nyongeza, yaani sekunde 180. Mchezo wa miendo 40 unakuachia sekunde nne na nusu kwa kila mwendo. Ukichagua 3+2, yaani dakika tatu pamoja na sekunde mbili zinazoongezwa kila unaposogeza kete, unapata sita na nusu. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayokuwezesha kumaliza mchezo ulioshinda tayari badala ya kuangushwa na saa. Gemu za 3+0 zikiisha kwa saa, hakuna cha maana cha kupitia. Najua vijana wa Kondele watanibishia. Wanapenda fujo ya sekunde za mwisho. Wapende tu, ila wasiite mazoezi.

Hatua ya 2: Chagua gemu moja au mbili

Usijaribu kupitia zote za jioni. Chukua ile uliyoshindwa na hujui kwa nini. Ukiwa na nguvu, ongeza moja uliyoshinda kwa sababu mpinzani alilala. Hizo huficha makosa vizuri sana. Kama stima ilipotea au bando liliisha katikati, ruka gemu hiyo.

Hatua ya 3: Pitia bila mashine, kwa kalamu

Fungua ubao wa uchambuzi na uzime swichi ya mashine. Pita mwendo kwa mwendo, na popote ulipositasita andika kwenye daftari maneno machache: niliogopa nini, nilitaka kwenda wapi, sikuona kete gani. Usijitetee. "Nilisogeza askari kwa sababu sikuwa na la kufanya" ni jibu zuri kuliko mpango uliotungwa baadaye.

Kazi hii inafaa safarini. Gemu iliyohifadhiwa kama PGN ni maandishi matupu, haina uzito. Ukipanda matatu ya Nakuru kupitia Kericho una saa za kutosha za kusoma gemu mbili bila kuhitaji mtandao. Kucheza humo ndani ndiko sikushauri: mtandao ukikatika, saa yako haikusubiri.

Hatua ya 4: Soma saa kabla ya kusoma miendo

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi na wanafunzi wangu, na ndipo wengi hupita haraka. Kwenye tovuti, chini ya ubao wa gemu, kuna mchoro unaoonyesha muda uliotumia kwa kila mwendo. Tafuta vitu viwili: mwendo uliocheza kwa sekunde moja ilhali hali ilikuwa imebadilika, na mwendo uliokula muda mrefu kuliko yote. Mara nyingi wa kwanza ndio uliomzaa wa pili.

Mfano huu ni wa kijana mmoja ninayemfundisha, aliyekuwa na kete nyeusi. (Herufi na namba hutaja mraba wa ubao.) Mweupe alianza kwa askari e4, naye akajibu e5. Farasi wa mweupe f3, wake c6. Askofu wa mweupe c4, farasi wake wa pili f6. Kisha farasi wa mweupe akaruka hadi g5, akilenga f7. Kijana akasukuma d5, sawa kabisa. Mweupe akala kwa askari. Sasa mwendo wa 5: kijana akala askari huyo kwa farasi, kwa sekunde moja. Mweupe akamtoa farasi wake sadaka pale f7, akiwashambulia malkia na ngome kwa pamoja. Mfalme akamla, malkia wa mweupe akaja f3 na kutoa cheki huku akimtishia farasi wa d5. Ili kumlinda farasi, mfalme alilazimika kupanda e6, katikati ya ubao, kete zote za mweupe zikimtazama. Mwendo huo ulimgharimu karibu dakika nzima. Alipotupa malkia kwenye mwendo wa 21 alikuwa na sekunde 11.

Ukimuuliza alishindwa wapi, atasema mwendo wa 21. Saa inasema mwendo wa 5.

Hatua ya 5: Sasa washa mashine

Omba uchambuzi wa kompyuta. Kinachofanya kazi nyuma yake ni programu ya chesi iitwayo Stockfish. Peleka moja kwa moja kwenye miendo uliyoandika daftarini. Kwa gemu ya juu, itakuonyesha kwamba mwendo wa 5 ulihitaji farasi wa c6 aende a5, kumfukuza yule askofu wa c4. Mweusi hubaki pungufu kwa askari mmoja, lakini kete zake zinatoka haraka na mfalme wake hatembezwi. Huo ndio mstari mmoja wa kujifunza kutoka gemu nzima. Usibebe kumi.

Mashine ikikwambia kuna tofauti ya chini ya thamani ya askari mmoja, puuza. Katika mchezo wa dakika tatu mpinzani wako hataiona, na wewe pia. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha kujifunza kutokana na makosa, ambacho kinakurudisha pale ulipokosea na kukutaka utafute mwendo bora mwenyewe.

(Mashine ni ya baada ya mchezo tu. Kuiwasha gemu ikiendelea ni udanganyifu, na akaunti hufungwa.)

Hatua ya 6: Weka kila kosa kwenye safu

Nyuma ya daftari chora safu nne: *saa*, *sikuona*, *mwanzo*, *mwisho*. Kila gemu iliyopitiwa inapata alama moja tu, kwenye sababu ya kwanza. Gemu ya yule kijana ni "mwanzo", ingawa saa ilimmaliza.

Jumapili hesabu. Kama "sikuona" imezidi, fanya mafumbo ya aina moja, kwa mfano farasi kushambulia kete mbili au mfalme kufungiwa mstari wa kwanza, hadi uyaone bila kutafuta. Kama ni "mwisho", kaa na mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme mtupu. Ikiwa ni "saa", mafumbo hayatakusaidia: cheza 10+5 wiki nzima, na kabla ya kila mwendo jiulize mpinzani ametishia nini. Gemu mbili kwa jioni zinatosha, ubaki na nguvu ya kushika kalamu.