Anza na tendo, sifa itafuata: jinsi ya kumsoma mhusika mkuu wa hadithi fupi

Kila Jumamosi asubuhi huja kwangu Kisauni, Mombasa, wanafunzi sita au saba wa kidato cha tatu na cha nne, kila mmoja na diwani yake ya hadithi fupi kwapani. Kuna jambo hunirudia mwaka baada ya mwaka. Mtoto ameisoma hadithi mara tatu, anaweza kukusimulia toka mwanzo hadi mwisho bila kukosea, lakini ukimwuliza mhusika mkuu ni mtu wa namna gani atakujibu: "Ni jasiri, ana bidii, ana busara." Mkienda kwenye hadithi nyingine, mhusika mwingine kabisa, jibu ni lile lile.

Kosa hilo niliwahi kulipanda mwenyewe. Nilipoanza kufundisha, katika shule moja ya kisiwani, niliwapa wanafunzi orodha ndefu ya sifa waihifadhi. Wakaihifadhi kweli. Ulipofika mtihani wa majaribio wakawabandika wahusika sifa ambazo hawakuwa nazo, na alama zikaporomoka. Iliniuma sana, kwa sababu watoto walikuwa wametii neno langu.

Njia ninayotumia sasa ni hii. Nitaionyesha kwa kisa nilichokitunga kwa ajili ya darasa, kwa hivyo hutakuta majibu yake kwenye kitabu chochote cha mwongozo. Kinaitwa "Fundo". Bi Rukia ni mjane wa Majengo. Mumewe alimwachia cherehani na mtoto mmoja, Idi, ambaye karo yake ya kidato cha tatu haijalipwa. Shemejiye Athumani anakuja kuinunua cherehani. Anakataliwa. Bi Rukia anashona usiku na mchana, na karo ikikaribia kutimia, cherehani inavunjika. Kisa kinaisha Bi Rukia akiwa amesimama mlangoni kwa Athumani, anabisha hodi. Anayesimulia ni Idi. Sehemu ya kati inasema hivi:

"Ami Athumani aliziweka noti mezani moja moja, kama anayemhesabia mtoto. Elfu nane. Mama hakuzitazama. Alivuta kitambaa, akaifunika cherehani, akafunga fundo pembeni, pale pale baba alipokuwa akifunga. 'Shemeji, chai itapoa,' alisema. Ami akazirudisha noti mfukoni. Usiku ule niliisikia cherehani ikilia hadi adhana ya alfajiri. Nilipoamka nilikuta kanzu nne ndogo za madrasa zimekunjwa juu ya mkeka, na mama amelala ameegemea ukuta, uzi ungali kidoleni."

Hatua ya kwanza: soma mara mbili

Mara ya kwanza weka kalamu mbali. Soma kama unayesimuliwa na bibi usiku umeme umepotea. Ukianza kuwinda sifa kabla hujafika mwisho, utamhukumu mtu kabla hajamaliza kusema. Mara ya pili shika penseli, na utie alama kila mahali ambapo mtu anaamua jambo: anakubali, anakataa, anaondoka, ananyamaza.

Hatua ya pili: hakikisha mhusika mkuu ndiye

Hapa wengi huteleza kwa sababu ya ile nafsi ya kwanza. Wanaona "nilisikia", "nilikuta", basi wanaandika Idi. Fanya jaribio hili: mtoe mtu kwenye hadithi uone kinachobaki. Mtoe Idi, mpe jirani kazi ya kusimulia. Kisa kitapoteza utamu lakini kitasimama. Mtoe Bi Rukia, huna kisa. Cherehani ni yake, uamuzi ni wake, na mwisho unamwangukia yeye.

Usihesabu mara ambazo jina linatajwa. Na usidhani mhusika mkuu lazima awe mtu mwema. Anaweza kuwa mwizi, mlevi au tajiri dhalimu. Tunamwita mkuu kwa sababu ya mahali alipowekwa katika hadithi: matukio yanamzunguka, na maudhui yanapita kwake. Wanaomsaidia aonekane vizuri, kama Athumani, ni wahusika wasaidizi.

Hatua ya tatu: anataka nini, na kimemzuia nini

Sentensi moja inatosha. "Bi Rukia anataka kumsomesha mwanawe bila kuitoa cherehani ya marehemu mumewe, lakini hana pesa." Riwaya ina nafasi ya kumlea mhusika tangu utotoni, hadithi fupi humkamata mtu siku ameshikwa pabaya. Ukishalijua lile lililomshika, nusu ya kazi umeimaliza.

Hatua ya nne: kusanya ushahidi

Chora safu nne daftarini: anayoyasema, anayoyatenda, wenzake wanayoyasema juu yake, na msimulizi anayoyasema juu yake. Kama jina lake lina maana inayoafiki tabia yake, yaani majazi, liandike pembeni. Kisha jaza kwa maneno ya hadithi yenyewe. Usiandike sifa hata moja bado. Najua mkono unawasha, lakini subiri.

Safu ya matendo ya Bi Rukia itajaa upesi: hakuzitazama pesa, aliifunika cherehani, alifunga fundo, alishona hadi alfajiri. Safu ya usemi ina maneno matatu tu, "Shemeji, chai itapoa," na wanafunzi karibu wote huyaruka. Wananiambia, "Mwalimu, hapo hajasema kitu." Rudi uyasikilize kwa sikio la mtu aliyekulia Mombasa. Shemeji hakufukuzwa wala hakutukanwa. Amekumbushwa kwamba yeye ni shemeji, kwamba nyumba ile ni ya nduguye, na kwamba mgeni kwa Bi Rukia hupewa chai. Na hapo hapo biashara imekwisha. Ile ni "hapana" iliyovaa buibui. Athumani ameielewa, ndiyo maana anarudisha noti mfukoni bila kubishana.

Kwa hivyo mazungumzo yakiwa mafupi, yapime kwa kile yanachomfanya msemewa atende.

Hatua ya tano: toka kwenye tendo uingie kwenye sifa

Hii ndiyo hatua ninayokaa nayo zaidi darasani. Wazee wakikaa barazani na vikombe vyao vya kahawa, mmoja akasema "fulani ana roho mbaya," hatapita hivi hivi. Ataulizwa: kafanya nini? Asipokuwa na la kueleza, ataambiwa anasengenya. Nataka uiulize kila sifa swali hilo hilo. Ni mwenye msimamo, kafanya nini? Hakuzitazama pesa ingawa anazihitaji. Ni mwenye bidii, kafanya nini? Ameshona usiku kucha, uzi ungali kidoleni. Ni mwenye heshima, kafanya nini? Amekataa bila kumvunjia shemejiye hadhi.

Je, ni jasiri? Mwanafunzi mmoja aliling'ang'ania neno hilo kwa dakika nzima. Nikamwuliza hatari iko wapi. Jasiri ni yule anayeiona hatari na bado akaikabili. Athumani hakumtishia, hakuja na rungu. Mwanafunzi alifikiri, mwishowe akalifuta neno lile mwenyewe, akaandika "mwenye msimamo". Kuyatenganisha maneno yanayokaribiana namna hii ndiko kuisoma hadithi kwenyewe. Mvumilivu na mnyonge hawastahimili jambo kwa namna moja. Mwenye msimamo na mkaidi wanaweza kufanya tendo moja. Tofauti ni sababu ya tendo na matokeo yake.

Jihadhari pia na hali zinazojifanya sifa. Ujane na umaskini ni hali za Bi Rukia. Tabia ni jinsi anavyoishi ndani ya hali hizo.

Halafu mwangalie msimulizi. "Kama anayemhesabia mtoto" yametoka kinywani mwa Idi, mtoto anayempenda mama yake na pengine anamchukia ami yake. Huenda Athumani ana dharau kweli. Huenda pia alizihesabu polepole kwa sababu elfu nane ndizo alizokuwa nazo. Mimi huwaruhusu wanafunzi waandike kwamba ana dharau, mradi waseme kwamba ni kwa jicho la Idi. Msimulizi wa nafsi ya kwanza ni shahidi, na shahidi ana upande wake.

Hatua ya sita: je, amebadilika?

Mlinganishe mtu wa ukurasa wa kwanza na yule wa mwisho. Aliyezikataa pesa ndiye anayekwenda kubisha hodi. Anajishusha, na anajishusha kwa ajili ya mtoto yule yule aliyemfanya akatae. Mhusika wa namna hii, mwenye pande nyingi na anayegeuka kulingana na mambo yanayomkuta, huitwa mhusika duara au mviringo. Asiyebadilika toka mwanzo hadi mwisho ni bapa. Usikimbilie kuandika "ni duara" ukaishia hapo, taja kilichomgeuza. Hapa ni kuvunjika kwa cherehani.

Hatua ya saba: sifa ni kitu kimoja, umuhimu ni kingine

Ukiulizwa umuhimu wa Bi Rukia, usirudie kwamba ana bidii. Umuhimu ni kazi aliyopewa na mwandishi: ni kielelezo cha wazazi wanaojinyima ili watoto wasome, ametumiwa kuonyesha mzigo wa wajane, na kupitia kwake tabia ya Athumani inajitokeza.

Hatua ya nane: andika jibu

Katika KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne nchini Kenya, karatasi ya Fasihi ya Kiswahili, 102/3, ina alama 80 kwa saa mbili na nusu. Unajibu maswali manne ya alama 20 kila moja, kwa hivyo una dakika 37 hivi kwa swali. Ukipewa dondoo, mara nyingi sehemu ya kwanza ni muktadha wa alama nne: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa sababu gani. Usikose hizo.

Kwa sifa, linganisha majibu haya mawili.

La kwanza: "Bi Rukia ana msimamo. Alikataa pesa."

La pili: "Bi Rukia ni mwenye msimamo. Athumani anapomwekea shilingi elfu nane mezani ili amuuzie cherehani ya marehemu mumewe, hazitazami. Anaifunika cherehani na kumkumbusha shemejiye kwamba chai itapoa, ilhali karo ya Idi haijalipwa."

La kwanza si uongo, lakini msahihishaji hawezi kujua kama umesoma hadithi au umesimuliwa na rafiki kwenye matatu. La pili lina sifa, tendo, na mazingira yanayolifanya tendo kuwa zito. Kile kipande cha mwisho, "ilhali karo ya Idi haijalipwa," ndicho wanafunzi husahau, na ndicho kinachothibitisha msimamo. Kukataa pesa usizozihitaji hakumgharimu mtu chochote.

Sifa moja, aya moja fupi. Ukitakiwa sifa nne, toa nne zinazotofautiana. "Mwenye bidii" na "mchapakazi" ni sifa moja iliyoandikwa mara mbili.

Sasa jaribu mwenyewe. Rudi kwenye ile sehemu ya kisa, uweke kidole chako hapa: "Usiku ule niliisikia cherehani ikilia hadi adhana ya alfajiri." Idi alisikia usiku kucha. Hakuna mahali alipoandika kwamba aliinuka. Andika sifa moja ya Idi kwa kutumia sentensi hiyo peke yake, kisha uiulize lile swali la barazani.