Jinsi ya kurekebisha komenti za kernel-doc na kuwasilisha kiraka kwenye kerneli ya Linux

Sehemu kubwa ya nyaraka za kerneli ya Linux hutokana na komenti zilizowekwa juu ya fanksheni na miundo ya data. Zana iitwayo kernel-doc huzisoma, kisha programu ya Sphinx, inayotumika tangu toleo la 4.8 la mwaka 2016, huzigeuza kuwa kurasa. Komenti mbovu basi haiishii ndani ya faili: itamfikia mwandishi wa draiva ambaye hata msimbo wenyewe hajaufungua. Kuirekebisha hakuhitaji ruhusa ya mtu, ila kiraka (faili la mabadiliko unayopendekeza) kikiruka hatua fulani za utaratibu hakitapokewa, au kitakaa bila kujibiwa.

Pata msimbo sahihi

Usifanyie kazi toleo lililokuja na mfumo wako. Fungua faili la MAINTAINERS, tafuta sehemu inayohusu faili unalotaka kugusa, na usome mstari unaoanza na `T:`. Ndio unaotaja hazina ya git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo) ya msimamizi. Ukikosa mstari huo, tumia linux-next, hazina inayokusanya mabadiliko yanayosubiri toleo lijalo. Maonyo ya kernel-doc huvutia wachangiaji wapya wengi, na mara nyingi onyo unaloliona leo limesharekebishwa kwenye tawi ambalo hujalivuta.

Tafuta makosa

Kwa faili moja la .c, amri ni hii (`drivers/foo/bar.c` ni jina la mfano):

`scripts/kernel-doc -v -none drivers/foo/bar.c`

Chaguo la `-none` huizuia kutoa ukurasa, hivyo unabaki na maonyo peke yake. Usipoiona skripti mahali hapo, andika `git ls-files | grep kernel-doc`, kwani imehamishwa katika matoleo ya karibuni. Ukijenga kwa `make W=1` nayo hukagua komenti, lakini za mafaili ya .c tu. Mafaili ya .h hayaguswi, na huko ndiko miundo mingi ya data inakoelezwa. Yapitishe kwenye kernel-doc moja moja.

Maonyo utakayokutana nayo sana ni manne. `not described in` maana yake parameta au sehemu ya muundo imeongezwa na hakuna aliyeieleza. `Excess function parameter` ni kinyume chake: parameta ilifutwa au ikabadilishwa jina, maelezo yake yakabaki. `expecting prototype for` hutokea fanksheni inapobadilishwa jina, au mtu anapochomeka fanksheni nyingine kati ya komenti na fanksheni yake. La nne husema komenti imeanza kwa `/**` lakini si ya kernel-doc. Aghalabu ni komenti ya kawaida tu, na dawa yake ni kuondoa nyota moja.

Andika komenti yenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo. Zana hukagua umbo, haijui ukweli. Ukiandika `@dev: the dev` onyo litatoweka, na msomaji hatakuwa amepata chochote, ubaya zaidi, pengo lililokuwa linaonekana sasa limefichika. Kabla ya kuandika neno, soma fanksheni yote pamoja na wanaoiita (`git grep` inatosha), upate majibu ya maswali haya: kipimo cha thamani ni kipi, bafa iwe na ukubwa gani, nani anaachilia kumbukumbu, kufuli gani lishikwe kabla ya kuiita, inaweza kulala au la, na inarudisha nini ikishindwa.

Komenti iliyokamilika huwa hivi (Kiingereza ndicho kinachotumika ndani ya kerneli):

```
/**
 * foo_read_block() - Read one block from the device.
 * @fd: Device to read from.
 * @buf: Destination, at least %FOO_BLOCK_SIZE bytes.
 * @timeout_ms: Time to wait in milliseconds, 0 means
 *              do not wait.
 *
 * The caller keeps ownership of @buf.
 *
 * Context: Process context. May sleep. Takes and
 *          releases &foo_dev->lock.
 *
 * Return:
 * * %0 - Block read in full.
 * * %-ETIMEDOUT - Device did not answer in time.
 */
```

Tazama zile nyota za ndani chini ya `Return:`. Bila hizo, Sphinx huunganisha mistari yote kuwa sentensi moja ndefu, na msomaji hajui thamani moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Alama ya `%` hutangulia thamani isiyobadilika, `&` hutangulia muundo, na jina la fanksheni likiandikwa na mabano yake hugeuka kiungo lenyewe. Parameta za idadi isiyojulikana huelezwa kwa `@...:`. Tahadhari pia na mstari wa maelezo unaoanza kwa neno kama `Note` likifuatiwa na nukta mbili: huchukuliwa kuwa kichwa cha sehemu mpya.

Kwenye miundo ya data, sehemu zilizo chini ya `/* private: */` hazitokezi kwenye nyaraka. Alama hiyo ni ya mambo ya ndani kweli kweli; kuitumia ili onyo linyamaze ni ujanja ambao msimamizi makini ataukataa.

Jenga ukurasa uuone

Endesha `./scripts/sphinx-pre-install` (nayo imehamishwa katika matoleo ya karibuni; itafute kwa `git ls-files`) ujue vifurushi gani vinakosekana, kisha `make SPHINXDIRS=driver-api htmldocs` ili ujenge folda moja tu badala ya kusubiri nyaraka zote. Matokeo hukaa Documentation/output. Onyo la `Unexpected indentation` husababishwa mara nyingi na orodha au mchoro wa herufi uliosogezwa ndani bila mstari mtupu kabla yake, au msimbo wa mfano usiotanguliwa na `::`.

Ukurasa usipotokea kabisa, kagua kama kuna faili la .rst linaloita chanzo hicho: `git grep 'kernel-doc:: drivers/foo'  -- Documentation`. Zipo komenti nzuri tu ambazo hazijawahi kuchapwa kwa sababu hakuna aliyeziita.

Andaa kiraka

Kiraka kimoja, jambo moja. Ukigundua hitilafu ya msimbo njiani, itume peke yake. Tazama `git log --oneline -- drivers/foo/bar.c` uone vichwa vya wenzako huanzaje, uige. Kwenye maelezo ya badiliko bandika onyo kama lilivyotoka, bila kulikata. Maneno yako mwenyewe yasizidi herufi 75 kwa mstari. Weka sahihi kwa `git commit -s`. Mstari wa Signed-off-by si mapambo: unathibitisha kwamba una haki ya kutoa kazi hiyo chini ya leseni ya faili. Kisha:

`git format-patch -1`
`./scripts/checkpatch.pl --strict 0001-*.patch`
`./scripts/get_maintainer.pl 0001-*.patch`

Ya kati hukagua mtindo wa kiraka, na ya mwisho hutaja wa kuandikiwa. Wengi hukosea hapa wakidhani kila kitu cha nyaraka huenda kwa msimamizi wa folda ya Documentation. Komenti ni mali ya mwenye msimbo, kwa hiyo yeye ndiye mlengwa; orodha ya barua pepe ya linux-doc inaweza kupata nakala.

Tuma na usubiri

Tumia `git send-email`. Programu nyingi za barua pepe hugeuza Tab kuwa nafasi na kukata mistari mirefu, na kiraka kikifika hivyo hakiingii. Barua za HTML nazo hukataliwa na orodha zenyewe. Jitumie mwenyewe kwanza, hifadhi barua uliyopokea, uijaribu kwa `git am`, inayoingiza kiraka kutoka kwenye barua, kwenye tawi safi.

Subiri angalau wiki moja kabla ya kuulizia, na zaidi kidogo ikiwa ni zile wiki mbili za kuunganisha mabadiliko ya toleo jipya, wasimamizi wanapokuwa wamezidiwa. Jibu maoni chini ya sentensi husika, si juu ya barua nzima. Ukitakiwa kurekebisha, tengeneza toleo la pili kwa `git format-patch -1 -v2`, orodhesha yaliyobadilika chini ya mstari wa `---` ili yasiingie kwenye historia, na ubebe kila Reviewed-by (mstari wa aliyekipitia kiraka na kukikubali) uliyopewa, isipokuwa kama umebadilisha kiraka kiasi kwamba aliyekipitia hawezi tena kukitambua.