Kitabu chako cha kwanza kinatoka? Soma hii kabla hakijakuvuruga

Siku utakayopigiwa simu kwamba mswada wako umekubaliwa utapiga kelele, na mi nakwambia piga tu. Yangu ilinikuta ndani ya daladala natoka Mbagala naenda Kariakoo, nikaropoka "eeh, kweli?" kwa sauti hadi konda akadhani nataka kushuka, akagonga bodi, gari likasimama, abiria wote wananiangalia, ikabidi nishuke kweli maana ningeanzaje kueleza, na kituo changu kilikuwa bado vinne huko mbele. Nikatembea. Hata jua sikulisikia.

Hiyo ndo siku nzuri kuliko zote, na ukilijua hilo mapema utajiokoa na mengi, kwa sababu wengi tunadhani siku yenyewe itakuwa ile kitabu kinatoka, kumbe ile nayo ina mambo yake. Kuandika tunafundishwa, kutafuta mchapishaji tunaelekezana, ila ile miezi kati ya simu na kitabu kukaa dukani (ya kwangu ilikuwa 15) na ile inayofuata baada ya hapo hakuna anayekuambia. Basi nakuambia mi nilipojikwaa ili wewe uruke. Naongelea riwaya iliyochukuliwa na mchapishaji wa kawaida, kama wewe ni hadithi fupi kwenye mkusanyiko au shairi gazetini moyo unapita humohumo tu ila kwa haraka.

Usisaini ukiwa na furaha

Mkataba utakuja wakati bado unacheka peke yako barabarani. Ulaze siku mbili. Halafu usome na mtu asiyejali fasihi, mi nilisoma na binamu yangu anayeuza vipuri, hajui riwaya wala tamthilia ila anajua kuuliza "sasa hii hela inatokea wapi?" Tatizo nilimsikiliza nusu.

Hesabu yenyewe ni hii, ipige sasa hivi. Tuseme kitabu kitauzwa 15,000 dukani na mrabaha wako, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia 10. Asilimia 10 ya nini? Kama ni ya bei ya dukani, kila nakala unapata 1,500. Kama ni ya kile kinachomfikia mchapishaji baada ya duka kukata, tuseme, asilimia 40 yake, basi ni asilimia 10 ya 9,000, yaani 900. Ziuzwe nakala 300 mwaka wa kwanza, na 300 sio chache kama unavyodhani, hapo una 270,000 kabla ya kodi, tena hulipwi kila mwezi, unalipwa mara moja au mbili kwa mwaka kutegemea mlivyoandikiana. Mi hii hesabu sikuipiga na nilishaahidi watu bati za nyumba ya kijijini. Taarifa ya mauzo ilipokuja niliisomea kwenye simu nimesimama foleni ya maji, nikazima simu, zamu yangu ikapita nimeduwaa. Kwa hiyo iandike ile namba ndogo kwenye karatasi, ibandike ukutani kabla kitabu hakijatoka. Ikizidi, sherehe.

Uliza pia nani anashika haki za tafsiri, za sauti na za filamu. Basi, tuingie kwenye maumivu.

Mswada ukirudi una rangi

Wa kwangu sura ya tatu yote ilikuwa imepigwa mstari na pembeni mhariri kaandika "ya nini hii?" Maneno matatu. Usiku nililala najibu kichwani, saa nane nikaamka nikaandika kweli, emaili ndefu, nimemgusa mpaka na chuo alichosoma. Bahati bando ikaisha. Asubuhi nikaisoma nikaona aibu mwenyewe chumbani.

Usijibu chochote siku tatu za mwanzo. Ya nne chukua karatasi ugawe mafungu matatu. La kwanza yale aliyosema kweli na ulishajua tangu unaandika, haya utayatambua kwa jinsi yanavyokuchoma kuliko mengine. La pili yale usiyokubali na una sababu. La tatu yale ambayo hujaelewa anataka nini. La kwanza rekebisha kimyakimya, la pili mjibu sababu moja kwa mstari mmoja, sio hotuba, na la tatu mpigie simu, kwa sababu sauti ya mhariri kwenye simu sio ile uliyomtungia wewe ukisoma wino mwekundu usiku. Sura ya tatu niliitoa. Ilikuwa ya nini kweli?

Kusubiri

Watasema Juni, kitatoka Februari. Karatasi haijafika, kava limebadilishwa, wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule kwa hiyo msimu wa shule riwaya yako inakaa pembeni. Na wewe huku kila harusi kila msiba unaulizwa "vipi kile kitabu?" mpaka unaanza kuonekana muongo. Usitangaze tarehe hata kwa mkeo. Sema kinakuja. Halafu anza kingine, hata kurasa 20, sio kwamba nakuhubiria bidii, ni kwamba huko mbele utahitaji mahali pa kukimbilia na mahali penyewe ni hapo.

Katikati ya kusubiri kuna karaha ndogondogo na raha moja ambayo watu hawaisemi, siku unaletewa prufu, zile kurasa zilizopangwa ili uzisahihishe kabla ya kuchapwa, na nyuma ya ukurasa wa jina unakuta ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu. Ina tarakimu 13, inaanza 978, ya kwangu inafuatiwa na 9987 ambayo ni ya Tanzania. Niliikariri, mpaka leo naijua kuliko namba yangu ya NIDA. Ifurahie. Ukimaliza kuifurahia soma prufu yote kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, na mtu mwingine ameshika nakala anakufuatilia kwa kidole, kwa sababu ya hili nitakalokusimulia sasa.

Siku ya boksi

Boksi likafika, nikakata gundi kwa kisu cha jikoni, nikachukua nakala ya juu, nikaifungua tu katikati. Ukurasa wa 112. Mwanaidi, mhusika wangu mkuu, kaitwa Mwajuma. Mwajuma lilikuwa jina lake kwenye rasimu ya zamani kabisa, na hicho kitabu nilishakipitia mara sita, mhariri kakipitia, hatukumuona. Basi nikakaa sakafuni na boksi zima la vitabu vyangu, kava zuri, jina langu kubwa, mi naona Mwajuma tu.

Siku hiyo usikisome. Kishike, kinuse, piga picha, kiweke. Toa nakala moja uiandike kwa kalamu juu kabisa NAKALA YA MAKOSA, humo ndo utaandika kila kosa utakaloliona au utakaloambiwa, siku wakitaka kuchapa tena unawakabidhi. Kosa likishaingia humo linapata kwao, linaacha kuzunguka kichwani. Na usimpigie mhariri muda huohuo. Mi nilipiga, alikuwa makaburini anazika.

Jioni utasikia utupu fulani, sijui niuiteje, kitu ulichokingoja miaka kimeshafika na maharage ni yaleyale. Panga kabla utakuwa wapi jioni hiyo, hata mpirani, ila usikae peke yako na boksi.

Ndugu na marafiki

Kwenye grupu la familia walinipongeza. Nilihesabu, wewe usihesabu, hongera 64, walionunua wanne na mmoja wao ni mke wangu. Halafu zikaanza za pembeni, "nitumie PDF basi mkuu". Jibu la hiyo liandike mapema ulihifadhi kwenye simu ili usijibu kwa hasira: "Asante sana ndugu yangu, kipo dukani Posta, au nitakuletea mwenyewe, ni 15,000." Wengi watapotea hapo. Usiwanunie. Na ukikuta kitabu chenyewe kimeskaniwa kinazunguka kwenye magrupu, mpe taarifa mchapishaji na COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, usiingie humo kugombana, mi niliingia nikaambiwa nina roho mbaya na watu ambao hawakuvuka ukurasa wa pili.

Anayekupenda sio lazima awe msomaji wako. Hili mama ndo alinifundisha bila kujua. Nakala yake ipo kabati la vyombo sebuleni, katikati ya glasi za wageni, bado imo ndani ya nailoni, na kila anayeingia lazima aonyeshwe. Hajasoma hata mstari. Nilikereka karibu mwaka mzima kabla sijaona kwamba kwenye lile kabati hakuna kitu kingine chochote changu, hata cheti cha chuo hakikufika hapo.

Sasa wanaosoma nao ndo hatari zaidi. Shangazi alinipigia saa kumi na mbili asubuhi.

"Shikamoo shangazi."

Hakuitikia. "Kumbe mchawi ni mimi?"

Mhusika ana duka la khanga, yeye ana duka la khanga, kwake kesi imeisha. Usibishane kwenye simu, ukisema "sio wewe" ndo umekiri. Nenda. Nilienda na sukari kilo mbili, nikakaa mkekani nikamsomea zile kurasa kwa sauti mpaka mwisho wa yule mhusika, katikati akacheka, akajifuta macho akasema "huyu sio mimi bwana, huyu wifi yangu kabisa." Wifi yake ni mama yangu. Nikafunga kitabu nikaaga.

Kimya

Hapa ndo penyewe. Nilijiandaa kukosolewa, nilishatunga mpaka majibu ya kiungwana. Hakuna aliyenikosoa. Wiki ya tatu hongera zimekauka, hakuna aliyesema kizuri wala kibaya, na mi nikawa napita kwenye duka la vitabu najifanya mteja, nahesabu nakala zangu kwenye shelfu. Tano. Wiki ijayo tano. Siku moja nne, nikatoka pale natembea kama nimeshinda bahati nasibu, kumbe ya tano mtu kaichomeka kwenye vitabu vya mapishi.

Washairi wa zamani walituzidi hapa. Toka enzi za gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, mtu akitoa shairi mwenzake anaweza kuibuka toleo linalofuata akamjibu kwa shairi, vina kwa vina, hata kama ni kumsuta kwa adabu, lakini anajua kasomwa. Sisi wa riwaya hakuna anayetujibu, kwa hiyo kajibu inabidi ukatafute mwenyewe. Kabla kitabu hakijatoka chagua watu watano wanaosoma kweli, wasiwe ndugu, nakala wanunulie wewe, uwape kwa sharti moja: ndani ya mwezi wakusimulie kitabu. Sio wakuambie wamekionaje. Ukimuuliza Mswahili umekionaje atakwambia kizuri sana, hongera, na mazungumzo yameisha. Ukimwambia nisimulie, utasikia wapi kachoka akaruka, wapi kaelewa kinyume, wapi anakusimulia kitu ambacho hukuandika na ni kizuri kuliko chako. Kati ya watano watatimiza wawili. Wanatosha. Kingine, muombe mwalimu wa Kiswahili wa sekondari yoyote jirani akupe kipindi kimoja, wale watoto hawana adabu ya uongo, mmoja wa kidato cha pili aliniuliza mbele ya darasa "mbona sura ya mwisho umeandika kama unakimbizwa?" Nilikuwa nakimbizwa. Na weka emaili au namba ya kazi nyuma ya kitabu, nyingi zitakazokuja zitakuwa za kuomba mkopo ila weka tu.

Wivu nao utakuja, sitakudanganya. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu inatolewa Aprili 13 na mi Aprili 13 sishiki simu. Nikizidiwa namkumbuka Shaaban Robert, alifariki 1962 na riwaya yake Utubora Mkulima ikatoka 1968, yaani hata nafasi ya kukereka na makosa ya chapa hakuipata. Hainifariji sana kusema ukweli, ila inanitoa pale kwenye shelfu.

Mwezi wa tisa toka kitoke ikaingia meseji kwa namba nisiyoijua, mtu yuko Kasulu. "Habari mwandishi. Ukurasa wa 112 Mwajuma ni nani? Nimerudi nyuma kumtafuta simuoni." Niliisoma nikairudia, mtu kafika 112, halafu karudi nyuma kutafuta! Ukiipata ya hivo jibu siku hiyohiyo, fupi, usimweleze ulivyoteseka, muulize yeye sasa kafika wapi. Mi nilimtumia voisi ya dakika sita. Akakaa kimya siku mbili, nikajua nimempoteza, ya tatu akajibu:

"Sawa nimeelewa. Ila Mwajuma lingemfaa zaidi."

Nimeliandika kwenye ile nakala ya makosa.