Kujiandaa kwa sehemu ya kuzungumza ya IELTS

Sehemu ya kuzungumza ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, huchukua dakika 11 hadi 14 tu, na humo ndimo watu wanaoandika Kiingereza safi hupoteza alama wasizotarajia kuzipoteza. Maswali yenyewe ni mepesi: unaishi wapi, hupenda kufanya nini ukipata nafasi, mtu gani amekusaidia maishani. Kazi ipo katika kuendelea kusema pale neno ulilolitaka linapokukimbia, na uwezo huo haujengwi kwa kukariri majibu.

Alama zinatoka wapi

Mtahini hukupa alama nne, kila moja kati ya 0 na 9, zote zikiwa na uzito sawa: mtiririko na mpangilio wa mazungumzo, msamiati, sarufi, na matamshi. Wastani wake ndio alama yako ya kuzungumza, kwa hiyo mwenye 7, 7, 6 na 6 ana 6.5. Mtihani ni uleule kwa wanaofanya Academic (ya masomo ya chuo) na wanaofanya General Training (ya kazi na uhamiaji). Hakuna alama ya maarifa wala ya kuwa na maoni yanayompendeza mtahini. Ukisema husomi vitabu kabisa, na ukaeleza sababu vizuri, hujapoteza kitu.

Alama ya 7 katika sarufi haidai usahihi kamili. Inadai sentensi zisizo na kosa mara kwa mara, huku makosa kadhaa yakikubalika. Hivyo anayesimama kila baada ya maneno matatu kusahihisha alichosema anaiokoa sarufi kidogo na kuuvunja mtiririko mwingi. Kanuni ya kufuata: sahihisha kosa linalobadilisha maana, kama kusema kesho badala ya jana, kisha songa mbele. Mengine yaache yapite.

Wiki ya kwanza: jirekodi kabla ya kusoma chochote

Chukua mada moja, kwa mfano safari ambayo hutaisahau. Jipe dakika 1 ya kujiandaa na dakika 2 za kusema, ukirekodi kwa simu. Kisha sikiliza mara tatu, kila mara kwa kazi moja. Mara ya kwanza weka alama kwenye karatasi kila unaponyamaza au kujikokota. Mara ya pili andika neno kwa neno ulichosema, pamoja na makosa yote. Mara ya tatu fuata matamshi peke yake.

Kuandika neno kwa neno kunachosha, lakini hakuna zoezi jingine linalolipa kama hili. Ukihesabu maneno ukapata kati ya 200 na 260 kwa dakika 2, kasi yako inatosha. Ukipata 120, tatizo lako la kwanza ni mtiririko, na kujaza daftari maneno mapya hakutalitibu. Utaona pia maneno unayoyarudia bila kujua. Wengi hugundua wamesema "very" mara kumi na tano na "good" kwa kila kitu kuanzia chakula hadi urafiki.

Kwa mtiririko, zoezi linalofanya kazi haraka ni la kubana muda. Zungumzia mada moja kwa dakika 4, pumzika kidogo, irudie yote kwa dakika 3, kisha kwa dakika 2. Usikate mambo, punguza kusitasita. Mada tatu kwa wiki zinatosha.

Makosa ambayo Kiswahili hutuwekea mdomoni

Kuna makosa yanayotoka moja kwa moja katika lugha tuliyokulia, na ukiyajua unaweza kuyawinda kwenye rekodi yako.

La kwanza ni "he" na "she". Kiswahili kina "yeye" tu, basi unaanza kumsimulia mama na katikati ya njia anageuka kuwa "he". Mtahini hupotea. La pili ni kurudia mtenda: "My brother he works", kwa sababu sisi husema "kaka yangu anafanya" na ile "a-" tunaitafutia neno. Ondoa "he". La tatu ni "-nge-". Kwetu inakaa pande zote mbili, ningekuwa na muda ningesoma, na ndiyo maana watu husema "If I would have time, I would read". Kiingereza hutaka upande wa "if" ubaki na wakati uliopita: "If I had time, I would read". Sentensi hii moja ukiizoea itakufaa, maana maswali ya "ingekuwaje kama" huweza kuulizwa.

Kisha kuna "-ni", inayobeba "in", "on" na "at" kwa pamoja. Usijaribu kukariri kanuni zake zote. Chagua maneno ishirini unayoyatumia kila siku na uyajue pamoja na kihusishi chake: "at home", "at work", "on the bus", "in the morning", "on Monday". Nomino zisizohesabika nazo husumbua: "informations", "advices" na "equipments" hazipo, japo maofisini husikika kila siku.

Matamshi: mahali pa kupata alama kwa bei nafuu

Lafudhi yako haikatwi alama. Kinachokatwa ni msikilizaji kulazimika kukisia. Na mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji ambao wengi hawana: sauti ya kwanza ya "thamani" ndiyo ya "think", ya "dhahabu" ndiyo ya "this", na ya "ng'ombe" ndiyo inayofunga neno "sing". Anayesema "samani" akimaanisha thamani aanzie hapo kwanza, kwa Kiswahili, kisha Kiingereza kitafuata.

Deni letu liko kwenye irabu na miisho. Tuna irabu tano. Kiingereza kina zaidi ya mara mbili ya hizo. "Hat", "hut" na "heart" zote hutoka kama "hat(i)", na "ship" na "sheep" huwa kitu kimoja. Fanya mazoezi kwa jozi za namna hiyo, dakika 5 kwa siku, ukirekodi na kujisikiliza siku inayofuata, wakati sikio limesahau ulichokusudia kusema.

Miisho huharibika kwa kuongezewa irabu: "help" ikawa "helpu", "asked" ikawa "asikidi". Kumbuka kwamba "-ed" hutamkwa kama silabi kamili pale tu inapofuata sauti ya t au d, kama "wanted" na "needed". "Worked" ni silabi moja, inaisha kwa t. "Lived" ni silabi moja, inaisha kwa d. Ukikosea hapa unapigwa mara mbili, kwenye matamshi na kwenye sarufi, maana mtahini asiyesikia mwisho wa kitenzi haoni wakati uliopita.

Mkazo nao. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kuuliza, Kiingereza hakina adabu hiyo: "hotel" hukaziwa mwisho, "interesting" mwanzo, na "photograph" hukaziwa mwanzo lakini "photographer" silabi ya pili. Unapoandika neno jipya, pigia mstari silabi yenye mkazo. Na angalia "can": katika sentensi ya kawaida hufifia hadi karibu kupotea. Ukiitamka kwa nguvu, "I can come" husikika kama "I can't come".

Sehemu ya 1: dakika 4 hadi 5

Mtahini hukagua kitambulisho, hujitambulisha, kisha huuliza kuhusu nyumbani, kazi au masomo na mambo ya kawaida. Jibu kwa sentensi mbili hadi nne: jibu lenyewe, sababu, na jambo moja dogo mahususi. "Yes, I do" peke yake ni kumwachia mtahini mzigo wote. Hotuba ya dakika nzima nayo itakatwa. Kukatwa si adhabu, muda wake umepangwa.

Hapa ndipo majibu ya kukariri huonekana wazi zaidi. Sauti hubadilika, macho huenda darini, sarufi inakuwa ya mhadhiri, kisha swali linalofuata linajibiwa kwa Kiingereza cha mtu mwingine kabisa. Watahini wamefunzwa kuligundua hilo. Tayarisha mambo ya kusema, usitayarishe sentensi.

Sehemu ya 2: kadi

Hii hudumu dakika 3 hadi 4 kwa jumla na ndiyo inayoogopwa. Unapewa kadi yenye mada na vipengele vichache, karatasi na penseli, dakika 1 ya kujiandaa, kisha unazungumza dakika 1 hadi 2 bila kuingiliwa. Zikitimia dakika 2 mtahini anakusimamisha na huenda akauliza swali moja au mawili mafupi.

Kosa la kawaida ni kuandika sentensi kamili. Dakika moja inatosha sentensi mbili, na ukizimaliza kuzisoma umebaki mtupu. Andika maneno sita hadi manane: majina, vitenzi, hisia moja. Kosa la pili ni kugawa muda sawa kwa kila kipengele. Vipengele vya mwanzo, nani, wapi, lini, humalizika kwa sekunde 20. Kinachobeba uzito ni cha mwisho, kinachotaka ueleze kwa nini au ulijisikiaje. Kipe kama dakika nzima.

Ukiona maneno yanakaribia kuisha, tembea na wakati. Ilikuwaje kabla ya tukio hilo, mambo yakoje sasa, ungefanya nini tofauti, yatakuwaje baadaye. Njia hii inakuongezea sekunde 40 na papo hapo inakulazimisha kutumia nyakati mbalimbali za kitenzi, jambo linalohesabiwa kwenye sarufi.

Je, kudanganya kunaruhusiwa? Hakuna anayehakiki. Ila tukio la kweli lina rangi, harufu na majina tayari, wakati la kubuni linakutaka utunge na kutafsiri kwa wakati mmoja. Kadi ikigusa jambo ambalo hujawahi kulifanya, azima la ndugu au rafiki na ulisimulie kama lilivyomtokea.

Sehemu ya 3: dakika 4 hadi 5

Maswali yanaendelea na mada ya kadi lakini yanatoka kwako na kwenda kwa jamii. Ukijibu "mimi hupenda" ilhali swali linahusu watu kwa jumla, umejibu swali la sehemu ya 1. Karibu yote huangukia aina nne: linganisha zamani na sasa, eleza sababu, tabiri, au pima faida na hasara. Kwa kila aina uwe na njia yako ya kuingia. Kwa utabiri, "might" na "is likely to" hukutoa kwenye "will" ya kila sentensi. Kwa jumla, "people tend to" ni bora kuliko "all people".

Jibu lenye sentensi nne hadi sita linatosha: msimamo, sababu, mfano, na pale inapofaa upande wa pili. Hujaelewa swali? Sema "Sorry, could you say that again?" au uliza neno fulani lina maana gani. Hukatwi alama kwa hilo. Kukisia na kujibu jambo jingine kunadhuru zaidi.

Nahau za kukariri ziache. Mtu anayesema "it's raining cats and dogs", yaani mvua kubwa inanyesha, katikati ya Kiingereza cha kawaida anasikika kama aliyevaa suti juu ya pajama. Msamiati wenye tija ni maneno yanayoandamana: "heavy rain", "make a decision", "do research", "raise children". Na jifunze kuzunguka neno lililokukimbia kwa kueleza kitu chenyewe kinafanya nini, kwa sababu kuzunguka kwa mafanikio ni sehemu ya kinachopimwa kwenye msamiati.

Siku yenyewe, na baada yake

Mtihani wa kuzungumza unaweza kupangwa siku tofauti na sehemu nyingine, basi soma tarehe zako vizuri. Beba kitambulisho kilekile ulichojiandikishia. Saa moja kabla, zungumza Kiingereza kwa sauti kwa dakika 20, hata peke yako. Sentensi za kwanza za siku huwa nzito, na hazifai kutumika mbele ya mtahini. Ukumbini usishtuke mtahini akiwa na uso mkavu au akiitazama saa. Vituo vingine hutumia simu ya video badala ya mtu mezani, na muundo haubadiliki.

Mazungumzo yote hurekodiwa. Ukiamini alama haikulingana na ulivyofanya, unaweza kuomba isahihishwe upya ndani ya wiki 6, kwa ada. Kwa waliofanya mtihani kwa kompyuta, baadhi ya vituo huruhusu kurudia sehemu moja tu ndani ya siku 60, lakini kabla ya kulipa uliza kama chuo au ofisi unayoipelekea matokeo inayapokea matokeo ya namna hiyo, maana si zote zinazoyapokea.