Namna ya kumfunza mwandishi chipukizi kuripoti Bunge la Kaunti: mazoezi ninayotumia Malindi

Bunge la Kaunti ya Kilifi hukutana hapa hapa Malindi, kwa hiyo wanafunzi wangu wa redio hawana safari ndefu. Tatizo lao ni jingine: wanaingia, wanangoja kelele, wanarekodi waheshimiwa wawili wakirushiana maneno, wanatoka. Msikilizaji wa Garashi hakuambiwa zahanati yake imetengewa shilingi ngapi. Mazoezi haya ni ya kuvunja tabia hiyo.

Hatua ya 1: Mchoreshe njia ya mswada

Achore kwa mkono wake, bila kunakili. Mswada husomwa mara ya kwanza bila mjadala, kisha hupelekwa kwa kamati, nayo hukusanya maoni ya wananchi. Ukisomwa mara ya pili ndipo unapojadiliwa. Kamati ya bunge zima huupitia kifungu kwa kifungu, halafu husomwa mara ya tatu na kupitishwa. Hapo bado si sheria: gavana akishaupokea ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha na sababu zake.

Nilipoanza kazi nilitangaza kwamba mswada wa basari "umepita", kumbe ulikuwa umesomwa mara ya pili tu. Wazazi walifunga safari hadi ofisi ya wadi kuulizia pesa ambazo hazikuwapo. Tangu hapo simruhusu mwanafunzi kuandika "umepita" mpaka anioneshe kwenye mchoro wake umepita wapi.

Hatua ya 2: Orodha ya shughuli kabla ya kikao

Aipate mapema, aweke alama kwenye jambo moja, na alifuate hilo tu.

Hatua ya 3: Mpeleke kwenye kamati

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mswada unaoelea ukumbini umeundwa kwenye kamati, na huko ndiko vifungu huongezwa na kuondolewa. Ibara ya 196 ya Katiba inalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi, pamoja na vikao vya kamati, na haliwezi kuuzuia umma wala vyombo vya habari ila spika aone kuna sababu za kutosha katika hali isiyo ya kawaida. Mwanafunzi aijue ibara hii kwa moyo, maana kuna siku atasimamishwa mlangoni. Aitaje kwa adabu, bila kupandisha sauti.

Akishaketi, simtaki aandike kila neno. Nampa maswali matatu: nani ameleta pendekezo, nani atalipa, na maoni ya wananchi yamebadilisha kifungu kipi? Hilo la tatu ndilo gumu. Mara nyingi jibu ni "hakuna", na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Hatua ya 4: Fuata shilingi moja

Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Miezi hiyo miwili ni msimu wa mwandishi wa bunge, asichukue likizo. Ajue pia kwamba sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa kipindi cha miaka kadhaa, iende kwenye maendeleo.

Zoezi: achague wadi moja, tuseme Jilore au Sabaki, na mradi mmoja wa maji. Autafute kwenye makadirio. Kisha asome ripoti ya Msimamizi wa Bajeti aone idara husika imetumia kiasi gani, na ile ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aone kama pana walakini. Akinyimwa karatasi, tunaandika barua pamoja darasani kwa kutumia sheria ya kupata habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na barua ibaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 5: Aandike kwa pumzi moja

"Makadirio ya matumizi ya maendeleo yameidhinishwa" haimfikii mama anayechoma mahamri huku redio iko dirishani. "Wawakilishi wadi wamekubali kisima cha Jilore kichimbwe mwaka huu" inamfikia.

Hatua ya 6: Arudi kijijini

Miezi sita baadaye namtuma kwenye kisima na kinasa sauti. Afungue mfereji mwenyewe, awaulize wachotaji, kisha ampigie mwakilishi wadi apate jibu lake kabla habari haijaenda hewani.